Nalala Wapi, na Nani? Swali Ambalo Mpanga Tripu Hataki Umuulize

Naanza kwa kukiri, ili usinitangulie kwenye komenti. Ile video niliyoposti mwaka jana, mimi nimesimama kwenye roshani ya meli asubuhi, mtandio unapepea, bahari yote kama yangu peke yangu, mkailaiki mpaka simu ikapata moto: ile kabini sikuilipia hata shilingi. Na shosti wangu, ambaye tulikuwa tumekubaliana tulale kabini moja, saa hiyo alikuwa kwao Kibokoni anampaka mtu hina. Alikuwa ameshalipa dipoziti. Kilichomzuia kusafiri ni kitanda.

Watu wakiongea juu ya tripu za kikundi wanaongea juu ya wanaochelewa kulipa, wanaotoa pesa halafu wanapotea, wanaokuja na mtu ambaye hakualikwa. Kuhusu kabini hakuna anayeongea. Kabini ni kitu cha mwisho, cha kupangwa mkiwa mshafika, kila mtu amechoka na anataka tu kuweka begi chini. Mimi nasema hivi, na sirudi nyuma: orodha ya nani analala wapi na nani inatakiwa itoke kabla ya shilingi ya kwanza. Mpanga tripu anayekwambia "hiyo tutapanga tukifika" ameshapanga. Ni wewe tu hujaambiwa.

Wajua vile sisi watoto wa kisiwani tunavyoziangalia hizi meli. Zinaingia Kilindini nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, na sisi tuko Lighthouse na mihogo yetu ya pilipili na madafu, twahesabu madirisha. Wageni wanashushwa kwa mabasi mpaka Fort Jesus, wanazunguka Ndia Kuu wakipiga picha milango yetu ya nakshi na roshani zetu za mbao. Jioni wanarudi kwenye roshani zao wenyewe, meli inapiga honi, sisi tunarudi nyumbani kula mkate wa mofa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuambia kuwa kule juu na sisi twaweza kupanda.

Kwa hivyo admini wa grupu moja alipoandika kwamba kuna tripu ya meli kutoka Durban, usiku nne baharini, watu walichizi. Afrika Kusini tangu Januari 2023 Mkenya haombi visa, anapewa mpaka siku 90 kwa mwaka, unahitaji pasipoti na kile kitabu cha manjano cha chanjo. Grupu ikajaa siku mbili. Watu 18, wengi wetu wa kisiwani, wengine wa Nairobi. Dipoziti shilingi 30,000, kila mtu analipa sawa, ndiyo haki. Na kabini? "Hiyo tutapanga tukifika."

Mimi nikapigiwa simu kivyangu. Nikaambiwa nitengeneze video tatu za kutangaza tripu, nafasi yangu itakuwa ya bure. Niliacha chuo mwaka wa pili, kontenti ndiyo kazi yangu, na kazi nikipewa naifanya. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kwenye video ya kwanza nilisema maneno haya, bado yako pale ukitaka kuyaangalia: "Njooni, sote tuko sawa, ni familia moja."

Shosti wangu aliiona hiyo video ndipo akalipa. Yeye ni mchoraji wa hina na piko. Zile 30,000 zilikuwa ni msimu mzima wa harusi, kila elfu ni mikono na miguu ya bibi harusi fulani, usiku wa manane, mgongo umempinda. Akaenda kumwambia mamake. Mamake hakuuliza bei, hakuuliza Durban iko wapi. Aliuliza swali moja tu: "Walala wapi, na nani?"

Akalileta hilo swali kwenye grupu. Akajibiwa na emoji za kucheka. Mmoja akaandika, "Dada tulia, huko ni kulala tu." Mwingine, "Kwani umekuja kulala ama kuenjoi?" Mimi nilikuwa nimeshaisoma ile meseji. Nikanyamaza.

Orodha ilitoka wiki tatu baadaye, pesa zikiwa zimeshatumwa. Mimi: kabini ya roshani, watu wawili, pamoja na dada mwingine wa kontenti kutoka Nairobi. Shosti wangu: kabini ya ndani, watu wanne, kitanda cha juu, pamoja na mtu na mpenzi wake na mwanamume mmoja ambaye hatukumjua. "Ni watu wetu, hawana noma," admini akaandika.

Akanipigia. Nikamwambia, "Ongea na admini." Hayo ndiyo maneno niliyompa, mtu ambaye tumekula mahamri ya sahani moja tangu darasa la tatu. Akaongea na admini. Akaambiwa majina yameshatumwa kwenye kampuni, kubadilisha ni pesa, na akitaka kabini ya wanawake watupu aongeze. Hakuwa na ya kuongeza. Akajitoa, na dipoziti haikurudi.

Sasa nikupe somo ambalo mimi nililipata nikiwa nimeshachelewa, kwa sababu ukijua jinsi kabini zinavyouzwa hakuna mtu atakayekuchezea tena.

Bei ya meli inaandikwa kwa kichwa, lakini hicho kichwa kimehesabiwa kikiwa na mwenzake. Ukiona "bei kwa mtu mmoja", maana yake ni mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Ukilala peke yako, mara nyingi unalipia na kile kitanda kitupu, yaani inakaribia mara mbili. Mkiwa watatu au wanne, bei ya wa tatu na wa nne kwa kawaida inashuka, kwa sababu vitanda vyao ni vya kushushwa kutoka ukutani au darini, dabo deka kama ile ya bodingi, ama sofa inayokunjuliwa. Chumba chenyewe hakiongezeki. Mnabanana palepale, na choo ni kimoja.

Halafu kuna aina. Kabini ya ndani haina dirisha kabisa, ukizima taa hujui kama ni adhuhuri ama saa tisa za usiku. Kabini ya dirisha inakuonyesha bahari, ila dirisha kwa kawaida halifunguki. Kabini ya roshani ina mlango wako wa kutoka nje upate upepo. Na kuna ile ya bei ya chini kabisa ambayo mimi naiita "utapangiwa": unalipia aina, lakini namba ya chumba kampuni ndiyo inayochagua, na unapata pale wengine walipopakataa.

Na mahali pia ni pesa. Wazee wetu wa majahazi walilijua hili kabla hatujazaliwa: omo na tezi ndiko chombo kinakopanda na kushuka zaidi, katikati na chini ndiko kunakotulia. Kama wewe ni wa kutapika kwenye feri ya Likoni, halafu mtu akakuweka omo deki ya juu kwa sababu ati kuna mandhari, huyo hakupendi. Kabini iliyo chini ya deki ya bwawa, utaamshwa na viti vikiburutwa alfajiri. Iliyo juu ya ukumbi wa muziki, besi itakulalia kifuani mpaka usiku wa manane. Haya yote yanaonekana kwenye ramani ya meli, na ramani iko wazi kwenye mtandao kwa kila mtu. Mpanga tripu anaiona. Swali ni kwa nini wewe hakukuonyesha.

Ukishajua hivyo, rudi kwenye ile "kila mtu analipa sawa, ndiyo haki". Haki gani? Chukua mfano wa namba za mviringo tu. Kabini ya ndani ya watu wanne iwe 40,000 kwa kichwa, ya roshani iwe 80,000 kwa kichwa. Kikundi nusu kinalala ndani, nusu kwenye roshani, wote mnalipa 60,000. Aliyelala kwenye dabo deka amemlipia aliyelala roshani shilingi 20,000. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, haihitaji digrii, na mimi sina. Maskini wa kikundi amemnunulia tajiri upepo, halafu akaambiwa asante kwa umoja.

Na kuna jambo jingine ambalo hawalisemi. Kwenye biashara ya meli za kitalii, vikundi hupewa nafasi ya bure. Kipimo kinachotumika sana ni nafasi moja kwa kila watu 16 wanaolipa, yaani kabini nane za wawili wawili. Nauli inafutwa, mara nyingi kodi na ada za bandari zinabaki. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba ile nafasi inatokana na vichwa vyenu nyote, lakini anayejua kama ipo ni mmoja. Yeye anaweza kuigawa mkapunguziwa wote. Anaweza kuichukua kama mshahara wake akawaambia wazi, na mimi sitamlaumu, kupanga watu 18 ni kazi. Ama anaweza kunyamaza. Kwetu ilikuwa ni kunyamaza. Mpaka leo sijui kama mimi nililala kwenye nafasi ya kampuni ama kwenye pesa za wenzangu, na sikuuliza, kwa sababu jibu lingeniharibia usingizi kwenye kile kitanda kikubwa.

Na usidhani shosti wangu alipojitoa mambo yaliishia kwake. Wale watatu waliobaki kwenye ile kabini waliambiwa bei ya wanne haipo tena, waongeze pengo. Kijana mmoja ambaye mwenzake alikosa ruhusa ya kazi akajikuta peke yake chumbani, akadaiwa karibu mara mbili, akakopa. Alikaa usiku nne kwenye meli ile akinywa maji tu, kwa sababu kila soda ilikuwa inaandikwa kwenye kadi yake ya kabini. Hiyo ndiyo "familia moja" niliyowatangazia.

Najua mtakayosema. Nimeyasoma yote kwenye DM tangu niposti kipande cha kwanza cha hadithi hii.

Wa kwanza anasema, "Kabini ni ya kulala tu, siku nzima mko nje." Sawa. Basi badilishana na mimi. Kama ni ya kulala tu, mbona admini hakulala kwenye dabo deka? Nimegundua kwamba anayesema kitanda si kitu siku zote ndiye mwenye kitanda kizuri. Na kabini si ya kulala tu. Ni mahali unapovua nguo, unaposwali, unapotapika, unapolia ukimkumbuka mamako, unapoficha pasipoti na pesa. Ukimpa mtu chumba pamoja na watu anaowaogopa, hana mahali kwenye chombo kizima pa kujifungia. Katikati ya bahari huwezi kuita tuktuk urudi nyumbani.

Wa pili anasema nimeleta ushamba na udini, wasichana wa Mji wa Kale ni wagumu, mbona wenzao wanasafiri. Hebu nikutajie watu ambao si wa Mji wa Kale. Binamu yangu anafanya kazi kwenye meli hizi za kitalii. Analala wawili wawili, chini kabisa, chumba kama kabati. Lakini kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, Kenya imeuridhia, na ndani yake imeandikwa kwamba wanaume na wanawake wapewe vyumba tofauti vya kulala. Umeelewa? Anayefagia meli ana sheria inayomlinda kitandani kwake. Abiria aliyelipa, aliyekuja na marafiki zake, ana "hawana noma".

Bibi yangu naye, aliyepanda ile treni ya zamani ya usiku kwenda Nairobi kabla haijaondolewa 2017 wakati wa SGR, ananiambia mambo hayohayo. Daraja la kwanza chumba cha wawili, la pili cha wanne, na wanawake hawakuchanganywa na wanaume wasiowajua. TAZARA, ile ya Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, iko hivyo: daraja la kwanza vitanda vinne, la pili sita, na mkitaka kuchanganyika mnanunua chumba kizima. Hao ni shirika la reli, si madrasa. Wanajua tu kwamba ukifunga watu wasiojuana kwenye chumba usiku, lazima uwaambie mapema wanafungwa na nani.

Na tukija kwenye dini yenyewe, basi tujifunze kwayo. Angalia vikundi vya Hajj hapa mjini. Tangazo linatoka na bei tatu: chumba cha watu wanne, cha watatu, cha wawili. Wewe unachagua kwa mfuko wako kabla hujatoa pesa. Mwenye pesa anajulikana na asiye nazo anajulikana, na hakuna aibu, kwa sababu anayelala wanne analipa ya wanne. Mume na mke, mama na bintiye, wanaume kwao, wanawake kwao, yote hayo yanaulizwa kwenye fomu. Watu wazima wenye magoti mabovu wanapangwa vizuri kuliko sisi wenye simu za laki moja.

Wa tatu, na huyu namheshimu, anasema kupanga ni kazi ngumu: watu wanabadilika, mmoja anatoka, mwingine anaingia, ukitoa orodha mapema utaibadilisha mara kumi. Kweli. Ibadilishe mara kumi. Orodha inayobadilika mbele ya macho ya watu wote ni bora kuliko moja iliyofichwa kwenye simu ya mtu mmoja. Na mtu akijitoa kwa sababu ameiona kabini yake mapema, amejitoa na pesa zake mkononi. Mnapoteza mtu mmoja na hampotezi urafiki.

Tena kuwa kwenye orodha si jambo dogo, na hapa niruhusuni nitoe utani pembeni kidogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Karatasi za meli zilionyesha watu 443 kwenye kabini za daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la bei nafuu, halikuwa na orodha. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wamelipa nauli, wamepanda, lakini hakuna karatasi iliyosema fulani yuko hapa. Sisemi admini wetu alikuwa anazamisha meli. Nasema kwenye chombo chochote, jina lako likiwa limeandikwa mahali, mtu ana wajibu wa kukutafuta hapo. Hata kwenye zile meli za kisasa, kituo chako cha kukusanyikia wakati wa hatari kimeandikwa kwenye kadi ya kabini. Mahali pako pa kulala ndipo mahali pako pa kuhesabiwa.

Na hili mimi nililijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa chuo, muhula mzima nililala hosteli kama pairati, kwenye chumba cha rafiki, godoro chini, jina langu halimo mlangoni. Mlinzi akipiga hodi najibana nyuma ya pazia. Nilikuwa sithubutu kuugua. Unalala pale kwa huruma ya watu, na huruma ikichoka unaokota begi. Niliacha chuo kwa sababu nyingi, na hiyo ni mojawapo. Kwa hivyo sina kisingizio. Nilijua vizuri kabisa shosti wangu alikuwa anauliza nini kwenye ile grupu, na nikaangalia roshani yangu, nikanyamaza.

Basi sasa haya ndiyo ninayoyataka. Piga skrinishoti uyatie kwenye grupu lenu, na asiyeyapenda muulize kwa nini.

1. Orodha kabla ya pesa. Aina ya kabini, deki, omo ama katikati ama tezi, vitanda vingapi, majina ya wanaolala humo. Kama namba ya kabini bado haijatoka, iandikwe kwamba haijatoka, na watu wajue wananunua "utapangiwa".

2. Kila kabini na bei yake. Anayelala wanne alipe ya wanne, anayetaka roshani alipe ya roshani. Mkiamua kusaidiana, msaada ushuke kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Usipande juu.

3. Mwenye haja achague kwanza. Anayetapika akae katikati. Asiyeweza kupanda ngazi apate kitanda cha chini. Wasichana wanaotaka kulala na wasichana wapewe hivyo bila kuchekwa na bila kuongezewa bei. Vinavyobaki, pigeni kura, na admini naye atie jina lake kwenye kofia.

4. Nafasi ya bure itajwe. Ipo ama haipo? Imekwenda kwa nani? Na watu wa kontenti, mimi wa kwanza, tuseme kwenye video kwamba tumebebwa.

5. Atakayejitoa atarudishiwa nini, mpaka tarehe gani, na pengo lake atalijaza nani. Iandikwe. Meseji ya sauti si maandishi.

Hayo matano hayachukui hata jioni moja. Kama mpanga tripu hawezi kukaa chini jioni moja, pesa zako ataweza kuzishika miezi mitatu?

Turudi kwangu, nimalize. Niliporudi nilipita Kibokoni na begi la chokoleti, kama mjinga. Mamake shosti alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri, akaniuliza babangu hajambo, akaniuliza safari. Halafu akaniangalia usoni akasema, "Ulilala vizuri, mwanangu?" Hakusema kwa kejeli. Aliuliza vile mama anavyomuuliza mtoto wa mwenzake. Nikasema, "Nililala vizuri, mama." Zile chokoleti nikaziacha pale pale barazani, nikaondoka nikiangalia chini.

Wahenga wetu wamesema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini kabisa ya chombo, maji yanakotuama. Umepanda roshani, umepiga picha, umepata laiki zako, utarudi tu Kibokoni kupita mbele ya baraza la watu uliowaacha.

Nimeanza kumlipa shosti wangu ile 30,000 kutoka kwenye pesa za kontenti. Nimetuma mara mbili. Mara zote mbili amejibu neno moja: "Imefika." Sijui kama atanisamehe, na si jambo la kuulizana kwenye mtandao. Ile video ya roshani sijaifuta. Nimeibandikia maneno juu: kabini hii sikuilipia, muulize admini wako nani aliilipia.

Wiki iliyopita mpanga tripu amenitumia meseji. Kuna meli nyingine, Desemba, watu 30, anataka video tatu, roshani tena. Nikamjibu: "Nitumie orodha kwanza." Ameniblutiki mpaka leo.

Na wewe, kama kuna mahali umeshatuma dipoziti, fungua hilo grupu sasa hivi kabla hujasahau. Andika maneno manne: "Nalala wapi, na nani?" Halafu angalia nani atacheka, na nani atanyamaza.